Mwalimu wa kompyuta si fundi wa printa

Nina stesheneri Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kila Sekretarieti ya Ajira inapotangaza nafasi za kufundisha vyuo vikuu, meza yangu hujaa bahasha: vyeti vya kuskani, wasifu wa kuchapa, nakala zenye mhuri wa wakili. Foleni ikirefuka, watu huanza kuelezana mambo ambayo karatasi walizoshika zinayakanusha.

"Si mwalimu wa kompyuta huyo? Mwambie atengeneze printa." Hii naisikia kuliko zote, na hata mimi niliiamini. Siku moja karatasi ilinasa, nikamwomba mhadhiri aliyekuwa amesimama pale. Akainama, akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia kwa adabu zote. "Kaka, hapa mimi sijui kitu. Umejaribu kuizima?" Fundi akaja jioni, dakika tano kazi imekwisha. Mhadhiri yule shahada yake ya kwanza ni ya hisabati, na hakupotea njia. Wakongwe wa sayansi ya kompyuta nao walitokea kwenye hisabati. Alan Turing aliandika makala yake maarufu kuhusu mambo yanayoweza kukokotolewa mwaka 1936, kompyuta za kielektroniki hazijaanza kufanya kazi. Grace Hopper alipata PhD ya hisabati Yale mwaka 1934, Donald Knuth akapata ya kwake Caltech mwaka 1963. Wangesomea wapi sayansi ya kompyuta? Chuo Kikuu cha Purdue, kinachotajwa kuwa cha kwanza Marekani kuwa na idara yake, kiliianzisha mwaka 1962.

"Bila first class huwezi kufundisha chuo." Hapa vijana wengi hujikatia tamaa bure. First class, yaani daraja la kwanza, huanzia GPA (wastani wa alama za chuo) ya 4.4. Kiwango kinachoandikwa kwenye matangazo ya mkufunzi msaidizi, yule wanafunzi wanayemwita TA, ni 3.8, na hiyo ni daraja la pili la juu. Ugumu uko mbele: mhadhiri msaidizi anatakiwa awe na 4.0 kwenye shahada ya umahiri (masters), na ile 3.8 ya shahada ya kwanza bado inaulizwa. Alikuja dada mmoja na umahiri safi kabisa, lakini shahada ya kwanza ina 3.6. Alilisoma tangazo mara mbili, kidole kikiwa juu ya mstari uleule, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama skana inaweza "kusaidia kidogo". Nikamrudishia bahasha yake. Hela ya kuskani sikuchukua.

"Akimaliza PhD anaenda kusomea uprofesa." Hakuna darasa la uprofesa. Profesa ni cheo. Mtu hutoka mhadhiri, akawa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa, na kinachompandisha zaidi ni machapisho ya utafiti. Na huyo Dokta si wa sindano. Mama ntilie wa jirani alishamweleza mmoja habari za miguu kuwaka moto, akasikilizwa mpaka mwisho, kisha akaelekezwa Hospitali ya Benjamin Mkapa.

"Mwenye CCNA hahitaji digrii." CCNA ni cheti kizuri cha mitandao, kinachotolewa na kampuni ya Cisco, na hudumu miaka 3 mpaka ukihuishe. Mwalimu akiwa nacho, wanafunzi wake wana bahati. Ila hakijazi nafasi ya ile 3.8.

Iliyobaki ni ya waliosoma nje, kwamba cheti cha Ulaya kinapita bila kuulizwa. Kinaulizwa kuliko cha hapa: shahada ya nje lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwanza, na matangazo yenyewe yanasema hivyo. Juzi kaka mmoja alileta chake kwenye jalada gumu, nembo ya dhahabu inang'aa kiasi kwamba foleni nzima ilisogea kutazama. Barua ya TCU hana. Nikamskania hivyohivyo kama alivyotaka. Kwenye skana, ile dhahabu hutoka nyeusi.