Udhaifu wa serikali ya kwanza ya Marekani ulikuwa wa makusudi

Kila mwaka nikifundisha Marekani ya kabla ya Katiba ya 1787, madaftari yananirudia na jibu lilelile: waasisi hawakujua kuendesha serikali, ndiyo maana Mkataba wa Shirikisho, yaani katiba yao ya kwanza iliyounganisha majimbo 13, ukawa legelege. Nimelisahihisha jibu hili mara nyingi mno. Si kweli, na anayeliamini hawezi kuelewa vita vya uhuru dhidi ya Uingereza vilipiganiwa nini.

Wale watu hawakuwa wageni wa utawala. Baraza la Virginia lilikutana mara ya kwanza mwaka 1619. Kufikia uhuru, makoloni yalikuwa yamezoea kujitungia sheria na kujitoza kodi vizazi kwa vizazi. Kisha mwaka 1765 Bunge la London likawatoza kodi ya stempu kwa hati na magazeti, ilhali hawakuwa na mbunge hata mmoja humo. Lilipoifuta Machi 1766, papo hapo likapitisha sheria nyingine kutangaza kwamba lina mamlaka ya kuwatungia sheria katika jambo lolote lile. Mwaka 1774, baada ya wapinga kodi kumwaga chai baharini Boston, likafunga bandari ya mji huo na kuipangua hati ya utawala ya Massachusetts, hata mikutano ya miji ikabanwa hadi gavana atoe idhini. Walichojifunza ni hiki: aliye mbali akishika kodi na jeshi, baraza lako la nyumbani linabaki jina tu.

Sasa soma Mkataba wa Shirikisho ukiwa umeweka malalamiko hayo pembeni yake. Wanafunzi wangu nawaambia wafanye hivyo kabla hawajaandika neno lolote. Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa majimbo yote, haitozi kodi. Inaomba michango kwa majimbo. Rais mtendaji hayupo. Kila jimbo, kubwa kwa dogo, lina kura moja, na mambo mazito kama vita na mikopo yanahitaji majimbo 9 kati ya 13. Mjumbe hakai zaidi ya miaka 3 katika kila 6, na jimbo lake linaweza kumwita arudi nyumbani wakati wowote. Kila kifungu ni komeo la mlango ambao mtu aliwahi kuuingia bila hodi.

Tena, serikali yenye nguvu zaidi walikuwa nayo mezani. Rasimu ya kwanza ya mkataba, ya mjumbe John Dickinson, Julai 1776, iliipa Kongresi mamlaka hata juu ya mipaka ya majimbo na ardhi za magharibi. Wajumbe wakaipunguza makali kidogo kidogo. Mwaka 1777 Thomas Burke wa North Carolina akapendekeza kifungu kwamba kila jimbo linabaki na mamlaka yake yote, isipokuwa yale yaliyokabidhiwa Kongresi waziwazi. Majimbo 11 yakaunga mkono. Huo ni ujinga wa aina gani, unaojadiliwa zaidi ya mwaka mzima na kupigiwa kura? Kumbuka pia kwamba Thomas Jefferson, mwandishi wa Azimio la Uhuru, akiandika "nchi yangu", mara nyingi alimaanisha Virginia.

Wengine huandika kwamba mkataba ulianza kazi mwaka 1776. Kongresi iliupitisha Novemba 1777, na haukuanza kutumika hadi tarehe 1 Machi 1781, kwa kuwa Maryland iligoma kuuridhia mpaka Virginia ilipokubali kuachia madai yake ya ardhi za magharibi. Sehemu kubwa ya vita ilipiganwa bila huo mkataba.

Eti Kongresi ile haikufanya lolote. Ilifunga mkataba wa amani na Uingereza mwaka 1783, ikaweka utaratibu wa kupima na kuuza ardhi mwaka 1785, na mwaka 1787 ikapiga marufuku utumwa katika eneo la kaskazini ya mto Ohio.

Na uasi wa Shays, wa wakulima wenye madeni huko Massachusetts, ambao kila mtu anautaja kuwa ndio ulioua mkataba, uliwatisha wengi kweli, lakini ulianza Agosti 1786, wakati Virginia ilishawaalika wenzake kwenye mkutano wa Annapolis wa kujadili biashara tangu Januari. Ugonjwa ulikuwa pesa. Kurekebisha mkataba kulihitaji majimbo yote 13. Kongresi iliomba ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa za nje ili ilipe madeni ya vita. Mwaka 1782 Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, ikakataa, mpango ukafa. Ombi la pili likakwamishwa na New York.