Majibu ya mke si majibu ya mume

Hapa Dodoma, mjini hadi Kongwa, wapo wanaoamini kwamba mama mjamzito akipimwa kliniki akakutwa hana VVU, basi na mumewe hana. Ni rahisi kuwaza hivyo, maana wanalala kitanda kimoja. Lakini VVU haviambukizwi katika kila tendo la ndoa. Mmoja anaweza kuishi navyo miaka, mwenzake hana. Baba naye apime. Akitumia kipimo cha kujipima nyumbani na kikaonyesha maambukizi, athibitishe kituo cha afya. Aliyejihatarisha ndani ya saa 72 awahi kituoni leo hii, zipo dawa za kuzuia. Na jambo ninalotamani kila nyumba ilijue: mwenye VVU anayemeza ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.