Kelele za upepo kwenye pikipiki: yanayoaminika na yaliyo kweli

"Kelele inatoka kwenye injini na silensa"

Mjini, kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hilo lina ukweli. Ukifika kama 65, upepo unaopita kwenye helmeti unaizidi injini, na kuanzia hapo silensa mpya haikusaidii kitu. Vipimo vilivyofanywa Uingereza miaka ya 1990 kwa maikrofoni ndogo zilizowekwa masikioni mwa madereva, ndani ya helmeti za kufunika uso wote, vilikuta takribani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 kwenye mwendo wa 60 na 110 kwenye mwendo wa 160. Ukiunganisha namba hizo mbili kwa hesabu, mwendo wa 80 unaangukia karibu na desibeli 96, na wa 100 karibu na desibeli 100.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa 1. Desibeli 100 ni robo saa. Sasa chukua Dar es Salaam hadi Morogoro, karibu kilomita 190: hata ukienda 80 bila kusimama popote, ni zaidi ya saa 2 barabarani. Hiyo ndiyo sababu mtu anashuka kwenye pikipiki masikio yanavuma na anaongea kwa sauti ya juu bila kujijua.

Kupunguza mwendo kutoka 100 hadi 80 kunashusha desibeli 4 hadi 5, na muda ambao sikio linaweza kuvumilia unakaribia kuwa mara tatu. Haigharimu hata shilingi.

"Masikio yangu yameshazoea"

Sikio halizoei, linakufa kidogo kidogo. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio zikishaharibika haziponi wala hazioti upya. Ngurumo ya upepo ni sauti nzito, lakini uwezo wa kusikia huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde), ambako herufi kama s, f na t hutofautishwa. Ndiyo maana mwenye tatizo hili husema "nakusikia ila sikuelewi", hasa penye watu wengi. Mlio mwembamba unaobaki masikioni baada ya safari ni onyo. Ukiendelea hadi siku ya pili, muone daktari wa masikio.

"Ukiziba masikio hutasikia honi"

Dhana hii ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu inawazuia kutumia kinga iliyo bora na rahisi kuliko zote. Kizibo cha sikio hushusha upepo na honi kwa pamoja. Uwiano kati ya sauti hizo mbili haubadiliki sana, ila sikio halilemewi tena, na kwenye mwendo mkubwa madereva wengi husikia honi na king'ora kwa uwazi zaidi wakiwa na vizibo kuliko bila. Kwenye mwendo mdogo hali ni tofauti: upepo haupo, na kizibo kitakupunguzia sauti za watu na magari bila faida. Kwa bodaboda wa mtaani anayezunguka kwa 30 au 40, vizibo havina haja. Ukiingia barabara kuu, vivae.

Vizibo vya sponji vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini vinatosha kabisa. Angalia kwenye pakiti: vyenye SNR (namba ya desibeli ambazo kizibo hupunguza) ya 30 hadi 37 ndivyo vya kununua. Namba hiyo hupatikana maabara, na barabarani utapata pungufu, mara nyingi kwa sababu havikuingizwa vizuri. Hatua ni hizi:

1. Nawa mikono. Viringisha kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mkunjo. Mkunjo ukibaki unakuwa njia ya kupitishia sauti.
2. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, vuta juu na nyuma. Tundu la sikio hunyooka.
3. Ingiza kizibo haraka kabla hakijajaa, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30.
4. Sema neno kwa sauti. Sauti yako ikisikika nzito kama inatoka ndani ya kichwa, kimekaa. Kikining'inia nje kwa zaidi ya nusu, kitoe uanze upya.

Vaa helmeti polepole, ukiitanua kwa kuvuta kamba zake mbili kwa nje kwa mikono, ili sponji ya shavu isikivute kizibo nje. Kizibo kikichafuka au kikikawia kujaa, tupa. Pamba ya dukani haichukui nafasi yake, inapunguza desibeli chache tu. Na spika za kusikilizia muziki ndizo mbaya zaidi, kwani mtu huongeza sauti hadi ishinde upepo, na sikio linapokea vyote viwili.

"Kioo cha mbele kikiwa kirefu zaidi, kelele inaisha"

Upepo laini unaokuja moja kwa moja una kelele kidogo kuliko upepo uliovurugwa. Ukingo wa juu wa kioo ndio unaovuruga, na kama mkondo huo unagonga helmeti usawa wa paji la uso, kioo kimekuongezea tatizo. Utalijua kwa kichwa kutikisika na kuona kukiwa na ukungu wa mtetemo. Pikipiki isiyo na kioo kabisa huchosha kifua, lakini helmeti inaweza kuwa kimya kuliko ya mwenye kioo cha urefu mbaya.

Pima hivi: kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, kwa 70, inua makalio kidogo ukisimamia vikanyagio, halafu kaa, halafu inama hadi kidevu kikaribie tangi. Kelele ikipungua uliposimama, kioo ni kirefu mno kwako au kimelala vibaya. Ikipungua ulipoinama, ni kifupi, na kipande cha kuongezea juu chenye vibanio kitasaidia. Rekebisha sentimita 2 au 3 kwa mara moja, kitu kimoja tu kila jaribio. Ukingo wa juu ukae usawa wa pua au chini kidogo, uangalie barabara juu ya kioo na si kupitia kioo, maana usiku wenye mvua plastiki iliyokwaruzika ni kipofu mtupu.

Kuna marekebisho ambayo mafundi wengi hawayajaribu, nayo ni kukiachia kioo nafasi kwa chini. Nyuma ya kioo kunakuwa na mgandamizo mdogo wa hewa, unaovuta upepo wa juu urudi kichwani mwako. Weka washa za mpira zenye unene wa milimita 10 hadi 20 kati ya kioo na kishikizo, tumia skrubu ndefu zaidi kwa kiasi hichohicho, na hewa kidogo itapita chini kujaza pengo. Skrubu zikazwe kwa mkono tu, kwani ukizidisha kioo kinapasuka kuanzia kwenye tundu. Kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho uhakikishe kioo hakigusi breki wala waya wa klachi. Usikisafishe kwa petroli, plastiki itachimbika mipasuko midogo.

"Helmeti nzito na ghali ndiyo isiyo na kelele"

Uzito hauhusiki, na nembo ya ECE 22.06 (kiwango cha kimataifa cha helmeti) inahusu usalama, haikuhakikishii ukimya. Kinachoamua ni jinsi inavyokukaa. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 2 au 3 juu ya nyusi, ukizunguka sehemu pana zaidi. Ukiivaa na kuizungusha kwa mikono, ngozi ya uso iende nayo. Ikiteleza peke yake ni kubwa.

Sehemu kubwa ya kelele huingia kwa chini, kwenye kidevu na shingo. Ukiwa kwenye mwendo, shusha kidevu kifuani. Kelele ikipungua ghafla, njia ni hiyo, na dawa yake ni kitambaa cha kuziba kidevuni kinachopachikwa kwenye helmeti, au shali ya kuvuta ya mviringo. Kama ni mtandio au kanga, ncha zote ziingizwe ndani ya jaketi na kufungwa zipu, kwa sababu kitambaa kinachopeperuka kikinaswa na tairi au mnyororo kinaua.

Filimbi ni jambo jingine. Ngurumo inatoka kwenye kioo cha mbele au shingoni, lakini mluzi unatoka kwenye upenyo mdogo: kioo cha helmeti kisichofunga sawasawa, tundu la hewa lililofunguka nusu, kamera iliyobandikwa juu. Fungia kipande cha karatasi chini ya kioo cha helmeti na ukivute, sehemu tano kuzunguka mpira. Kikitoka bila kushikwa, legeza skrubu za kishikizo cha kioo, sogeza kishikizo nyuma kidogo, kaza. Ncha ya kamba ya kidevu nayo ichomekwe, isipige-pige.

Wapo wanaobandika selotepu kwenye matundu yote ya hewa. Mluzi unakwisha, lakini kioo kinajaa mvuke wa pumzi kwenye mvua ya kwanza. Ziba ya juu ya kichwa ukipenda, ya kidevuni iache wazi.