Kitendawili na chemshabongo: tofauti iko wapi?

Kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa. Ni vitenzi vilevile vya mtego, na vimekaa mahali pake: anayetega anajua kamba ilipo, anayetegua anaipapasa gizani. Fumbo nalo limetoka kwenye kufumba, kama mtu anavyofumba kiganja juu ya kitu kidogo akakutaka ubashiri kilichomo.

Kitendawili, basi, ni kitu unachokijua kilichovishwa sura ya kitu kingine. "Nyumba yangu haina mlango." Yai kila mtu amewahi kulishika. Kinachokwamisha ni lile neno nyumba: ukilisikia tu unaanza kutafuta kuta na paa. Ukiambiwa jibu unacheka, au unajikasirikia, maana ulikuwa nalo muda wote.

Mbinu hii ni ya kale. Wasumeri wa Mesopotamia waliandika kwenye vibao vya udongo, karibu miaka 4,000 iliyopita, kitendawili cha nyumba ambayo mtu huingia kipofu na kutoka anaona. (Nyumba tena! Jibu lao ni shule.) Wagiriki nao wakasimulia habari za Sphinx, jitu lenye kichwa cha mwanamke na mwili wa simba lililokaa karibu na mji wa Thebes, aliyewaua walioshindwa kutaja kiumbe chenye miguu minne asubuhi, miwili mchana na mitatu jioni. Oedipus akamjibu: binadamu, anayetambaa, akasimama, mwisho akashika mkongojo.

Samsoni wa Biblia, kwa maoni yangu, hakucheza haki. Katika Waamuzi sura ya 14 aliwatega vijana kwenye karamu ya harusi yake: chakula kimetoka kwa mlaji, utamu umetoka kwa mwenye nguvu. Dau lilikuwa mavazi 30 ya kitani na mavazi mengine 30. Jibu lilitokana na asali aliyoikuta ndani ya mzoga wa simba aliyemuua mwenyewe, na hakuwa amemwambia mtu. Hiyo ni siri, wala si kitendawili. Haishangazi kwamba vijana wale waliishia kumtisha mkewe ili awachungulilie jibu.

Chemshabongo ya mantiki haina sitiari. Masharti yote yamewekwa mezani, na jibu linathibitishwa hatua kwa hatua. Chukua ile inayopatikana katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, mwanachuoni aliyefariki mwaka 804. Mtu anavuka mto na mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na mtumbwi unambeba yeye pamoja na kimoja tu. Akimwacha mbuzi na mbwa mwitu, mbuzi ataliwa. Akimwacha na kabichi, kabichi itaisha. Mwanzo ni rahisi: anamvusha mbuzi, anarudi peke yake, anampakia mbwa mwitu. Hapo sasa ndipo watu hukwama. Ukimshusha mbwa mwitu ng'ambo na kugeuza mtumbwi, kwaheri mbuzi. Dawa ni kumrudisha mbuzi kule alikotoka. Hakuna sharti lililokataza. Sharti la kwamba kilichovuka kimevuka umejitungia mwenyewe. Kabichi inavuka, kisha mbuzi kwa mara ya pili, na jumla ni mivuko saba.

Wakati mwingine jibu ni kwamba haiwezekani. Mji wa Königsberg ulikuwa na madaraja saba, na swali lilikuwa kama mtu anaweza kuyapita yote, kila moja mara moja tu. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba hawezi. Kila sehemu ya mji unayopitia bila kuanzia wala kuishia hapo, lazima uingie kwa daraja moja na kutoka kwa jingine, kwa hiyo madaraja yake sharti yawe shufwa. Sehemu zote nne za mji zilikuwa na madaraja witiri. Kutokana na mchezo huo ikazaliwa nadharia ya grafu, tawi la hisabati linalochunguza nukta na mistari inayoziunganisha.

Kinachotuvuta ni ile ahadi ya mtungaji kwamba jibu lipo na linafikika. Sudoku, ule mraba wa visanduku 81 unaojazwa tarakimu 1 hadi 9 bila kurudia yoyote katika mstari, safu au kila kijimraba cha visanduku tisa, imejengwa juu ya ahadi hiyo. Ilibuniwa na Mmarekani Howard Garns, ikachapishwa mwaka 1979, ikapata jina lake Japani, kisha mwaka 2004 ikaenea kupitia gazeti la The Times la London. Haihitaji hesabu yoyote; ungeweza kuweka herufi tisa badala ya tarakimu. Mwaka 2012 wanahisabati walithibitisha kwa kompyuta kwamba sudoku yenye jibu moja tu haiwezi kuanza na tarakimu zilizojazwa chini ya 17. Ukiletewa yenye 16, basi ama ina majibu kadhaa, ama haina hata moja, na una haki ya kumrudishia aliyekutega.