Umeumia Kazini? Tafuta Fomu Kabla ya Kutafuta Wakili

Wateja wengi wanaokuja ofisini kwangu baada ya kuumia kazini huanza na kosa lilikuwa la nani. Mashine ilikuwa mbovu, fomani alikuwa na haraka, glavu ziliisha tangu mwezi uliopita. Nawasikiliza, kisha nawaeleza kwamba kwa sheria tuliyo nayo Kenya mambo hayo hayana uzito wanaoyapa. Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo kila mtu anaiita WIBA, haitafuti mkosaji. Inataka kujua kama ulikuwa mwajiriwa, kama uliumia ukiwa kwenye shughuli za kazi, umebaki na ulemavu kiasi gani, na ulikuwa ukilipwa pesa ngapi.

Kwa hiyo bosi akiandika kwamba "aliumia kwa kutokuwa mwangalifu", usikose usingizi. Uzembe wa kawaida haukunyimi fidia. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa nidhamu wa kukusudia, na hata huo hausimamishi malipo ikiwa mfanyakazi amepata ulemavu mkubwa au amekufa.

Lakini kuna ulichokiacha ili upate unafuu huo. Huwezi tena kumshtaki mwajiri mahakamani udai mamilioni kwa sababu ya uzembe wake. Kifungu cha 16 kimefunga njia hiyo na kuyapeleka madai yote kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani DOSH. Chama cha Mawakili, LSK, kilikipinga. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikubaliana nacho kwa sehemu kubwa, Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: madai yaanze kwa Mkurugenzi. Wapo waliosema sisi mawakili tulikuwa tunatetea mkate wetu. Hawakukosea sana, ingawa hoja ya kwamba afisa wa serikali amepewa kazi ya hakimu haikuwa ya kipuuzi.

Turudi kwenye karatasi, maana ndiko watu wanakopotelea. Ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja. Kwa mdomo inatosha kisheria, lakini mimi nasema tuma na ujumbe wa simu: siku, saa, mahali, kilichotokea, waliokuwepo. Akishajua, mwajiri ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi. Kwa kifo ni saa 24. Fomu inaitwa DOSH/WIBA 1. Mwajiri anajaza sehemu yake, daktari anajaza ya majeraha na asilimia ya ulemavu. Bila fomu hiyo, faili yako haina mwanzo. Mwajiri akisema "nenda upone kwanza, tutaongea", usikae nyumbani ukimsubiri. Nenda mwenyewe ofisi ya DOSH ya kaunti yako, wao ndio wenye uwezo wa kumwita. Dai linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na miezi hiyo huisha haraka kwa mtu anayepigiwa simu kila mwisho wa mwezi na kuambiwa avumilie kidogo.

Sasa pesa. Kwa ulemavu wa kudumu, hesabu ni mapato ya mwezi mara miezi 96, halafu asilimia ya ulemavu. Chukua mtu wa kiwandani anayepata Sh24,000, amekatika vidole na daktari amempa asilimia 15. 24,000 mara 96 ni 2,304,000; asilimia 15 yake ni 345,600. Watu hugombania ile asilimia, na ni sawa wagombanie. Asilimia nyingi zimepangwa kwenye jedwali la sheria lenyewe, kiungo kwa kiungo: kupoteza mikono yote miwili au kuona kabisa ni 100, na mengine yanateremka kutoka hapo. Daktari ana nafasi ya kupima, ila si nafasi pana.

Penye mwanya mkubwa ni kwenye mshahara, na hapo ndipo wachache wanapotazama. Mwajiri hulipia bima kulingana na mishahara anayoitangaza. Akitangaza Sh16,000 kwa mtu wa Sh24,000, anaokoa kidogo kwenye bima, na fomu nayo inajazwa 16,000 ili vitabu viafikiane. Piga hesabu upya: 230,400. Vidole ni vilevile, asilimia ni ileile, na Sh115,200 zimepotea kwenye kisanduku kimoja cha fomu. Kwa hiyo ukipewa nakala, usianze na maelezo ya ajali. Anza na kisanduku cha mapato. Kumbuka pia kwamba mapato si mshahara wa msingi peke yake. Ovataimu ya kila wiki inahesabiwa, na chakula au nyumba unayopewa na mwajiri vina thamani inayoingia. Ovataimu ya mara moja moja, bakshishi na nauli unayorudishiwa haviingii.

"Mimi ni kibarua tu, sina hata mkataba." Hiyo naisikia sana, hasa kutoka kwa watu wa mjengo. Kibarua naye ni mwajiriwa. Kazi iliyopo ni ya ushahidi. Nenda kachukue taarifa ya M-Pesa ya miezi 6, uweke alama kila Jumamosi pesa ilipoingia na jina la aliyetuma. Piga picha ya skrini ya grupu ya WhatsApp ambamo zamu zilikuwa zinapangwa. Rejista ya mlinzi getini ina jina lako na saa ulizoingia, na mlinzi huyo anaweza kuwa shahidi mzuri kuliko fomani. Fanya hivi mapema, kabla hujaondolewa kwenye grupu.

Swali la njiani nalo huja. Ukigongwa ukiwa kwenye matatu ya kwenda kazini, kwa kawaida hilo si jeraha la kazini. Lakini kama ni gari ambalo mwajiri amelitoa hasa kwa ajili ya kuwabeba wafanyakazi bila malipo, sheria inakuchukulia kuwa ulikuwa kazini. Watu wa lori za mashambani, hili ni lenu.

Kuhusu matibabu nitasema kwa ufupi lakini kwa ukali: ni ya mwajiri. Hospitali, upasuaji, dawa, miguu na mikono bandia, hata nauli ya kwenda kutibiwa. Kumwambia mfanyakazi atumie kadi yake ya SHA, bima ya afya ya serikali, ni kumtwisha mzigo usio wake. Weka kila risiti. Na kama jeraha limekuzuia kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, unastahili kulipwa mapato yako ukiwa nje, hadi miezi 12. Hiyo ni tofauti na fidia ya ulemavu wa kudumu, haikatwi humo.

Kisha kuna bahasha. Unaitwa ofisini ukiwa bado na bandeji, unapewa Sh20,000 na karatasi iliyoandikwa kwamba umelipwa yote na hutadai tena. Usitie sahihi kabla Mkurugenzi hajafanya tathmini yake. Kama huna hata ya unga, pokea pesa hiyo kama msaada na uandike hivyo kwenye karatasi, "msaada wa matibabu", kwa mkono wako.

Tathmini ikitoka, inakuja kwenye fomu ya DOSH/WIBA 4 ikimtaka mwajiri alipe. Bima inatakiwa kumaliza dai ndani ya siku 90 tangu lilipowasilishwa. Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kumwandikia Mkurugenzi pingamizi, naye ana 14 za kujibu, na ukiona bado hapana, siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwajiri ana haki hiyohiyo, na siku zake ni zilezile.

Mashaka ni pale mwajiri asipopinga wala kulipa. Tathmini inakaa mezani, siku 60 zinapita, kimya. Sheria haikueleza vizuri jinsi ya kumkamua mtu wa aina hiyo. Tanzania Bara walilikwepa jambo hili kwa kuanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015: waajiri wanachangia, na aliyeumia anadai kwenye mfuko badala ya kumfukuzia bosi wake. Sisi tumebaki na kila mwajiri na bima yake, kama anayo. Huku kwetu inabidi uende mahakamani uombe tathmini ikubaliwe kama hukumu, ndipo utekelezaji uanze, pamoja na kukamatiwa mali. Majaji wengi wamekuwa wakiyakubali maombi ya namna hiyo. Unachobeba ni nakala ya DOSH/WIBA 4, uthibitisho kwamba mwajiri aliipokea, na tarehe aliyoipokea. Bila tarehe hiyo atasema zile siku 60 zake bado hazijaanza kuhesabiwa.