Bradman ama Tendulkar? Tazameni wa pili yuko wapi

Jana tumekaa barazani hapa Langoni, kahawa inazunguka, ami mmoja akaniambia kwa kupiga kriketi Tendulkar wa India hana mpinzani, mikimbio (yaani alama za mpigaji) 15,921 si mchezo. Sasa mimi kazi yangu ni takwimu na kriketi sijapona tangu Kenya ifike nusu fainali 2003, ningenyamazaje?

Kwanza jumla tuiweke kando. Tendulkar kacheza mechi 200 za Testi, zile za kimataifa za siku kadhaa, Bradman, Mwaustralia wa zamani, 52 tu, na aliyekwenda baharini mara nyingi ndiye mwenye samaki wengi, hilo halina ajabu. Ndiyo maana tunatumia wastani: mikimbio unaigawanya kwa mara alizotolewa, SI kwa mara alizoingia kupiga, hapo wengi huteleza. Bradman aliingia mara 80, mara 10 hakutolewa, kwa hivyo 6,996 kwa 70 unapata 99.94. Tendulkar ni karibu 54.

Ami akasema, haya, lakini zamani kupiga kulikuwa rahisi. Swali la maana hilo! Maana hata wastani hauvuki zama hivi hivi tu. Mchukue George Lohmann, mrushaji wa Uingereza wa miaka ya 1880 na 1890, kila wiketi, yaani kila mpigaji aliyemtoa, aliipata kwa mikimbio 10.75, McGrath, mrushaji wa juzi wa Australia, 21.64, na kwa mrushaji ndogo ndiyo bora. Lohmann ni bora mara mbili? Wapi! Wakati ule pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, haifunikwi, mvua ikishanyesha mpira ukidunda hujui unaelekea wapi, wapigaji wote taabani.

Kwa hivyo mimi huhesabu kama mashindano ya mashua. Ya siku ya kusi kali na ya siku bahari shwari huwezi kuzilinganisha kwa saa, unatazama ile ya kwanza imeiacha ya pili umbali gani siku ile ile. Enzi ya Tendulkar kuna Kallis 55, Lara 53, Ponting 52 hivi, matanga yamesongamana. Enzi ya Bradman, Headley na Sutcliffe wako 61 hivi, Hammond 58. Kama kupiga kulikuwa rahisi, mbona hao hawakufika hata 70?

Ami kanywa funda, katulia, halafu: "Na huko India Bradman alipiga ngapi?"

Hakuna. Testi zake zote ni Australia na Uingereza. Ami kacheka mpaka kahawa ikamwagika, na mimi hapo kikokotoo nikakirudisha mfukoni.