Masikio Yanauma Ndege Ikishuka: Maswali ya Wanaosafiri Saa Moja Angani

Mtu anaamka Mwanza, anakunywa chai nyumbani, na kabla ya saa sita mchana ameshashuka Dar es Salaam. Kesho yake yuko mbele yangu kliniki ameshika sikio: "Daktari, ilikuwa safari ya saa moja na nusu tu, mbona tangu jana sisikii vizuri?" Haya hapa ni maswali ninayoulizwa mara nyingi na abiria wa safari za ndani. Masikio nimeyapa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayowatesa wengi, na mateso hayo kwa kiasi kikubwa yanazuilika.

Kama safari ni fupi hivyo, sikio linauma kwa nini?

Urefu wa safari hauhusiki. Kinacholiumiza sikio ni mgandamizo wa hewa kubadilika haraka, na hilo hutokea ndege inapopaa na inaposhuka, uwe unakwenda Dodoma au Guangzhou.

Ndani ya ndege kubwa hewa husukumwa ili tuweze kupumua vizuri, lakini haifikishwi kiwango cha hewa ya pwani. Mwili wako unakuwa kama umepelekwa mlimani, mahali penye mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi. Hapo mgandamizo ni kama robo tatu tu ya ule wa ufukweni Kigamboni. Sasa, nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kinapumua kupitia mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Ndege ikipaa, hewa ya chumbani inatanuka na kutoka yenyewe. Unasikia mlio mdogo, basi. Kazi iko kwenye kushuka. Hewa ya nje inazidi nguvu, inakisukuma kiwambo kwa ndani, na mrija nao unajibana. Hautafunguka mpaka misuli ya koo iuvute, yaani umeze au upige mwayo.

Ukitaka kuliona kwa macho, kunywa maji yako yote ukiwa angani, funga kizibo cha chupa, kisha itazame mkishatua. Utaikuta imebonyea, na hakuna aliyeigusa.

Nikitoka Mombasa kwenda Nairobi siumwi. Nikirudi Mombasa naumwa sana. Tatizo ni nini?

Tatizo ni jiografia. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Ndege ikitua pale, hewa ya ndani imebadilika kidogo tu, mgandamizo umeongezeka kama kwa sehemu moja ya kumi. Mombasa iko baharini, kwa hiyo katika muda uleule mgandamizo unaweza kuongezeka kwa theluthi nzima. Anayetoka Mwanza, kwenye mita 1,150 hivi, kurudi Dar es Salaam yamo humohumo. Kwa hiyo maandalizi yako makubwa yawe ya safari ya kuteremka pwani.

Nifanye nini hasa?

Anza mapema. Rubani akitangaza tu kwamba mnaanza kushuka, meza mate, nyonya peremende au tafuna jojo, piga mwayo. Usiwe umelala wakati huo, maana aliyelala humeza mara chache. Mwombe jirani yako akuamshe.

Sikio likianza kuziba, bana pua kwa vidole, funga mdomo, kisha sukuma pumzi taratibu kuelekea puani mpaka usikie masikio yamefunguka. Rudia kila baada ya dakika moja au mbili. Nasisitiza neno taratibu, kwa sababu nimeona watu wanapuliza kama wanawasha jiko la mkaa, na nguvu hiyo inaweza kuliumiza sikio la ndani kabisa. Kama kupuliza kunakushinda, bana pua halafu meza mate. Wapo ambao njia hiyo ndiyo inawakubali zaidi.

Kosa ninalokutana nalo kila mara ni kungoja. Mtu anavumilia mpaka maumivu yawe makali ndipo aanze, wakati mrija umeshabanwa kiasi kwamba hata akipuliza haufunguki.

Nina mafua na tiketi haibadilishiki. Nisafiri?

Mimi mwenyewe niliwahi kusafiri na mafua nikijiambia ni safari fupi. Dakika kumi za mwisho nilihisi kama msumari unapigwa sikioni, na nilikaa siku nne nikiwasikia wagonjwa wangu kama wako nyuma ya ukuta. Tangu hapo swali hili silijibu kwa haraka.

Mafua yanavimbisha utando wa pua, na mdomo wa ule mrija unavimba pamoja nao. Kama ni mafua mepesi na ukibana pua na kusukuma pumzi masikio yanafunguka ukiwa bado nyumbani, unaweza kusafiri. Dawa ya matone au ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, kama xylometazoline, inasaidia ukiiweka nusu saa hivi kabla ya kushuka. Kwa safari ya dakika 45, maana yake ni kabla ya kuingia kwenye ndege. Usiizoee kwa siku nyingi mfululizo, kwa sababu pua inaishia kuziba zaidi. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aulize kwanza kwa daktari au mfamasia, na mtoto mdogo asipewe bila ushauri.

Kama masikio hayafunguki kabisa ukiwa chini, au sikio linauma na una homa, au umefanyiwa upasuaji wa sikio hivi karibuni, ahirisha. Najua tiketi ni fedha. Kiwambo kilichopasuka kwa kawaida hupona, lakini ni wiki kadhaa za usumbufu.

Baada ya kutua, sikio lililoziba mara nyingi hufunguka lenyewe ndani ya siku chache. Nenda hospitali ukiona damu au majimaji yanatoka, ukipata kizunguzungu, ukipoteza usikivu ghafla, au wiki ikipita bila nafuu. Na tafadhali sana, usimimine mafuta ya nazi ya moto wala maji ya kitunguu saumu sikioni. Tatizo liko nyuma ya kiwambo, hayafiki huko, na kama kiwambo kimepasuka yatafika yasikotakiwa.

Mtoto wangu ana miezi minne. Atafanyaje?

Mnyonyeshe ndege inaposhuka, au mpe chupa akiwa amekaa wima kidogo. Kila anapomeza mrija unafunguka. Amelala fofofo? Mwamshe, hata kama mlihangaika kumlaza. Akilia pia si vibaya, kilio kinamsaidia kufungua masikio, kwa hiyo mama, usiwaonee haya wanaogeuka kukutazama.

Kandege kadogo ka Zanzibar au Mafia kananitapisha. Kuna dawa?

Zile ndege za injini moja zenye viti kama kumi na viwili huruka chini, kwenye hewa inayopanda kutoka ardhi iliyopata joto. Mchana jua likiwa kali ndipo zinaporuka-ruka zaidi, kwa hiyo chagua ya asubuhi ukiweza. Kula kidogo, usije na njaa wala usije umeshiba maharage na soda, maana gesi ya tumboni nayo inatanuka angani. Tazama mbali kwenye upeo wa macho, simu iweke mfukoni. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu vinamezwa kabla ya safari, na vingi vinaleta usingizi, hivyo usipange kuendesha gari ukishuka.

Nina selimundu. Je, ninaruhusiwa kupanda ndege?

Wengi wenye selimundu husafiri salama. Ila hewa ya ndani ya ndege ina oksijeni pungufu kidogo, na ubaridi na ukosefu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu. Kunywa maji tangu jana yake, vaa sweta, beba dawa zako mkononi. Kama umetoka kwenye maumivu makali siku chache zilizopita, usisafiri mpaka kliniki yako ikuruhusu. Yeyote ambaye kipimo chake cha wingi wa damu (hemoglobini) kiko chini ya gramu 8 kwa desilita naye aongee na daktari kabla ya kukata tiketi.

Mwenye pumu, kipulizo kiwe mfukoni, kisiwe kwenye begi la chini. Mwenye kisukari, insulini vilevile ikae nawe: kwenye mizigo inaweza kuganda kwa baridi, au begi likabaki ulikotoka.

Mimba ya miezi saba je?

Mimba isiyo na matatizo haizuii safari fupi. Mashirika mengi hukubali hadi wiki ya 36, na wiki ya 32 kwa mapacha, lakini baada ya wiki ya 28 hutaka barua ya daktari. Ulizia kabla, usije ukakwama kaunta. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya mapaja.

Nasikia damu inaganda miguuni ukikaa kwenye ndege.

Hatari hiyo huanza kuonekana kwenye safari za saa nne na zaidi, na Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba basi, gari na treni navyo vimo. Anayekaa kwenye basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam mchana kutwa na usiku ndiye ninayemhofia zaidi. Huyo anyooshe miguu kila basi linaposimama.

Nimefungwa plasta ngumu mguuni jana. Na rafiki yangu amezamia baharini na mtungi wa hewa kule Mnemba, Zanzibar, leo asubuhi. Tunarudi kesho.

Wewe, kwa safari isiyozidi saa mbili, ngoja saa 24 zipite tangu plasta ifungwe, kwa sababu mguu unaweza kuvimba ndani yake. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, rudi hospitali.

Rafiki yako ndiye wa kuangaliwa zaidi. Anayezamia na mtungi anajaza naitrojeni kwenye damu, na akipanda ndege mapema gesi hiyo inatengeneza mapovu mwilini. Kama amezamia mara moja tu na kwa kina cha kawaida, apumzike si chini ya saa 12. Kama amezamia mara kadhaa au siku mfululizo, ni saa 18 kwenda mbele, na walimu wengi wa kuzamia hushauri 24. Kama saa hazitoshi na lazima afike Dar es Salaam, boti ya asubuhi ipo.